Ngoja Mpya Itoke

Joram hakuwa mtu mbaya. Heri tuseme hivyo mapema, maana mengi yanayofuata yatamfanya aonekane mbaya. Alikuwa kitinda mimba wa kwao, alisoma akapata kazi Marekani, na alimpenda dada yake Nyaguthii kwa dhati. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwona mtu akitaka kununua kitu asimwambie angoje, kwa kuwa kizuri zaidi kinakuja.

Yeye ndiye aliyeleta kile kisanduku Kitengela mwaka wa 2005. Kilikuwa kompyuta ya mezani, kompyuta kamili, lakini ndogo kiasi kwamba ilisafiri ndani ya begi la mkononi, katikati ya viatu vya watoto na chupa za mafuta ya kujipaka. Wateja wa Nyaguthii walipanda ngazi za duka lake, pale juu ya bucha kando ya barabara ya Namanga, wakaiona skrini na kibodi, kisha wakauliza kompyuta yenyewe iko wapi. Aliwaonyesha kile kisanduku cheupe na kujisikia mtu wa maana. Kilikula stima kidogo, hakikupiga kelele, na kazi ilitoka safi hivi kwamba haukupita muda kabla kila kamati ya mazishi pale mjini haijamjua Mama Makena, kama wateja walivyomwita.

Maana kazi yake ilikuwa hiyo hasa, vijitabu vya mazishi. Kitengela ni mji wa wapangaji. Watu wametoka Busia, Siaya, Murang'a na Makueni, wanatafuta riziki hapa, na wakifa wanarudishwa makwao. Na hakuna jeneza linaloondoka bila kijitabu. Picha mbele, historia ya marehemu, utaratibu wa ibada, nyimbo, shukrani za familia. Hii si kazi ya kesho. Kamati inakuja katikati ya wiki ikigombana kuhusu jina la shangazi lililosahaulika, na Ijumaa asubuhi gari linaondoka mochari. Nyaguthii alikuwa amezoea kuchapa huku mtu akilia nyuma ya kiti chake.

Kufikia mwaka wa 2007 kisanduku kilikuwa kimechoka. Vumbi la machimbo ya mawe lilikuwa limeingia kila mahali, na ule mdomo wa kumezea CD ulikuwa umeziba kabisa. Ukifungua kitu, kigurudumu cha rangi rangi kilianza kuzunguka kwenye skrini, kikazunguka, kikazunguka, hata mteja akaomba ruhusa ateremke anunue nyama kwanza. Halafu likaanza lile onyo kwamba nafasi imejaa. Alifuta hiki na kile, na kesho yake onyo likarudi.

Mumewe, Maina, ambaye aliuza mawe ya kujengea na hakupenda mambo marefu, alimwambia aende Nairobi anunue kompyuta kubwa ya kawaida, yaishe. Lakini kazi zote za Nyaguthii zilitengenezwa kwa programu ambayo kompyuta hizo nyingine hazikuifahamu. Na juu ya yote alikuwapo Joram. "Usinunue saa hii," alisema kwa simu. Kile kilichokuwa madukani kilikuwa kilekile cha zamani, wamekibadilisha kidogo tu ndani, ni kupaka nyumba rangi na kuiita mpya. Mpya yenyewe ilikuwa karibu. Alikuwa akisoma kwenye intaneti maneno ya watu wanaojua.

Watu wanaojua walisema Septemba. Septemba ikafika, wenye kampuni inayotengeneza visanduku hivyo wakapanda jukwaani wakaonyesha vifaa vya kusikilizia muziki. Wakasema Januari. Januari wakaonyesha kompyuta ya kukunja, nyembamba ajabu. Wakasema Juni, Juni ikawa simu. Kisanduku wala hakikutajwa. Joram alipiga kila mara akiwa na sauti ya mtu aliyefiwa, na baada ya siku chache alikuwa amepata mwezi mwingine wa kuamini. Nyaguthii, ambaye hakuwa amewahi kujali nani anapanda jukwaani Marekani, alijikuta akihesabu miezi hiyo kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani.

Ni katika kungoja huko ndipo alipofanya lile jambo. Siku ile kamati mbili zilikuwa zimekaa kwenye benchi, na kisanduku kilikataa katakata kuhifadhi kitu kingine chochote. Kila mteja wake alikuwa na folda yake, na ndani ya kila folda picha ya marehemu aliipa jina fupi, apate kuandika haraka: kama ni mwanamke, "mama"; kama ni mwanamume, "baba". Aliwaza kuzikusanya picha zote mahali pamoja, azipunguze. Alipoanza kuzihamisha, kompyuta ikamwuliza: hapa tayari pana picha iitwayo mama, hii mpya ichukue nafasi ya ile? Nyuma yake mtu alikuwa anauliza kama vitakuwa tayari kesho. Nyaguthii akajibu ndiyo, na akaiambia kompyuta isimwulize tena, ifanye hivyo kwa zote. Nafasi ikapatikana. Alifurahi sana siku hiyo, akawanunulia wanakamati soda.

*

Wakhungu alikuja mwaka wa 2008, mwezi wa Julai, akiwa amemshika mkono mtoto wake wa kike. Alikuwa mwenyeji wa Busia, mfanyakazi wa kiwandani Athi River, mtu mpole mwenye kuvua kofia hata akiingia dukani. Nyaguthii alimkumbuka vizuri. Ndiye aliyemtengenezea kijitabu cha mkewe, Adero, mwishoni mwa ule mwaka kisanduku kilipokuja. Mtoto, Shirleen, wakati huo alikuwa akibebwa mgongoni.

Alieleza shida yake akiwa amesimama. Nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa imeungua, stima ilirudi na nguvu nyingi ikalipua televisheni. Waliokoka wao wawili na godoro. Kila kitu kingine angeweza kukinunua pole pole, lakini picha ya Adero iliungua. Ilikuwa moja tu, ya studio. Hawakuwa wamefunga harusi, na Adero hakupenda kupigwa picha. Ile moja alimbembeleza. Vile vijitabu watu wa nyumbani walikuwa navyo, lakini vilitolewa fotokopi, na kwenye fotokopi uso wake ulikuwa doa jeusi tu. Sasa huyu mtoto alikuwa ameanza kuuliza mama alikuwa anafanana vipi.

"Nikakumbuka uliiweka kwa kompyuta," alisema. "Nikamwambia, mama yako yuko kwa Mama Makena."

Na Nyaguthii, bila kufikiri, akajibu kama alivyowajibu wateja wote. "Iko. Pitia wiki ijayo."

Walipoondoka, akaketi kufungua kijitabu cha Adero. Kigurudumu kilianza kuzunguka. Ndipo likamjia, na likamjia lote kwa mara moja, hata akaondoa mkono mezani. Programu ile haikuhifadhi picha ndani ya kijitabu. Iliifuata picha mahali ilipowekwa, kwa jina lake. Na akina mama wote aliowahi kuwachapa walikuwa na jina moja, na mahali pamoja, na alikuwa amesema ndiyo kwa zote. Alifungua ile folda ya picha. Palikuwa na "mama" mmoja.

Hakuifungua hiyo picha. Aliogopa kuona ni ya nani.

Kesho yake alimpigia Joram akamweleza, akijifanya ni jambo dogo. Joram hakucheka. Alisema kitu kilichofutwa hakiondoki palepale. Kinabaki kimejificha hadi kitu kingine kikikalie. Zilikuwapo programu za kukitafuta na kukirudisha, ila hicho kisanduku cha zamani kisingeweza kuzibeba, kingekufa katikati ya kazi. Mpya ikitoka, angeunganisha hizo mbili, mpya iichimbue ya zamani. "Lakini sikiza, Nyaguthii," akasema. "Usiweke kitu ingine hapo. Kila kitu unaweka inaweza kukalia hiyo picha."

Hebu mwambie hivyo mtu ambaye kazi yake ni kuweka vitu hapo. Kuanzia siku hiyo Nyaguthii hakuwa na raha. Kila kamati iliyopanda ngazi ilimjia na maiti yake, na picha yake, na nyimbo zake, na kila alipobonyeza kuhifadhi alihisi anamkanyaga mtu. Labda hii imemkalia Adero jicho. Labda hii ya leo ndiyo iliyomfunika mdomo. Alianza kuwafukuza wateja, akasema yuko na kazi nyingi, waende kwa yule kijana wa karibu na soko. Wengine hakuweza kuwafukuza, walikuwa wa kanisani kwake. Basi alifanya kazi yao akijaribu kufupisha kila kitu, mpaka familia moja ikalalamika kwamba marehemu wao alipewa historia fupi kama ya mtoto.

Alifikiria kukipeleka kisanduku kwa fundi. Alikwenda Nairobi, fundi akakigeuza geuza, akasema vile hakina hata skrubu moja nje, atakifungua kwa ule mwiko mwembamba wa kupigia lipu. Nyaguthii akakirudisha kisanduku ndani ya begi akarudi nacho kwake.

Wakhungu aliporudi wiki iliyofuata, akamwambia mashine imezeeka, inakwama. Ni kweli ilikuwa inakwama. Akamwambia kuna mpya inakuja kutoka kwa ndugu yake Marekani, na hiyo ikifika picha itatolewa vizuri, hata kubwa ya kuweka ukutani. Wakhungu akaitikia kwa kichwa, akasema si neno, watangoja. Nyaguthii alisikia maneno yake mwenyewe masikioni, na alijua ametoa wapi sauti ile. Ilikuwa ya Joram tupu.

Alikuja Agosti. Alikuja Septemba, siku ya malipo kiwandani, na tikiti maji mkononi. Oktoba Joram alikuwa na hakika. Oktoba zikatoka kompyuta za kukunja. Kila Wakhungu alipokuja, Nyaguthii alisikia hatua zake kwenye ngazi, nzito na za polepole, na hatua nyepesi kando yake. Mtoto aliingia akasimama mbele ya meza. Alikuwa mtoto wa adabu. Aliuliza kama anaweza kukigusa kisanduku, akaambiwa gusa, akaweka kiganja juu yake.

"Ako moto," alisema.

Wakhungu alicheka kidogo kwa aibu. Nyaguthii alijidai anatafuta kalamu chini ya meza.

Maina aliona. Alimwona mkewe hali chakula vizuri, anazima simu, anashtuka mtu akibisha mlango. Siku moja alimwuliza kuna nini, naye akamweleza yote. Maina alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema amwambie yule mwanamume ukweli kesho, ataumia mara moja, apone. Ushauri mzuri huo. Nyaguthii aliuchukia kwa vile ulikuwa mzuri. Kumwambia wakati bado kuna nafasi ya kuipata? Na ikipatikana baadaye? Atakuwa amemwua mke wa mtu mara ya pili bure. Alijishikilia hapo, kwenye hiyo nafasi, na alijua pia kwamba nusu ya sababu ni woga tu.

*

Novemba alipata wazo lingine, akashangaa kwa nini hakulipata mapema. Ile picha ilipigwa studio, na studio huwa na negativu, zile filamu za kuchapia picha upya. Wakhungu alisema ilikuwa Kajiado, kwa mtu anaitwa Meitamei, karibu na stesheni ya reli ya zamani. Nyaguthii alifunga duka, akamwambia Wakhungu anaenda kuona mambo ya shamba, akaenda Kajiado.

Studio haikuwapo tena. Pale palikuwa duka la dawa za mifugo. Lakini mwenye duka alikuwa Meitamei huyohuyo, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimsalimu kwa heshima ya Kimaasai, takwenya, naye akaitikia iko, maana salamu hiyo aliijua. Alimweleza anachotafuta. Meitamei alisema simu za kamera zilimmaliza, akaona afadhali ng'ombe, ng'ombe hawezi kujitibu mwenyewe. Negativu hakuzitupa, lakini. Hajawahi kutupa uso wa mtu. Akaingia stoo akatoka na gunia.

Walilimwaga juu ya kaunta. Juu ya gunia hilo yalikuwa yamewekwa madumu ya dawa ya kupe kwa miaka, na dumu moja lilivuja. Negativu zote zilikuwa zimeshikana, zimekuwa kipande kimoja kigumu cheusi, na Meitamei alipojaribu kubandua moja kwa ukucha ikakatika. Alijaribu nyingine. Alijaribu kwa maji. Nyaguthii alimwona mzee akihuzunika kweli kweli, akimwambia pole, pole mama, kana kwamba ni yeye aliyefiwa. Akamwuliza huyo marehemu alikuwa ndugu yake? Nyaguthii akasema ndiyo.

Njia nzima ya kurudi alijilaumu kwa uongo huo mdogo, labda kwa sababu ule mkubwa ulikuwa hauwezekani kuufikiria. Sasa hakubaki na mahali pengine pa kumtafuta Adero ila ndani ya kisanduku.

Desemba watu walirudi kutoka ng'ambo na mabegi, na hakuna begi lililokuwa na kisanduku chake. Januari, Joram aliapa. Ulikuwa mwezi wa maonyesho makubwa, hakuna tena kukosea. Siku ile Nyaguthii aliketi na simu mapajani. Ilipolia, alijua kutokana na jinsi Joram alivyomsalimu.

"Niambie ukweli, Joram," alisema. "Hawa watu wanajua kuna mtu anawangoja?"

Joram alisema pole, na kwa mara ya kwanza hakutaja mwezi mwingine.

Hapo Nyaguthii alikasirika, hasira ya kweli, na afadhali, kwa kuwa woga ulikuwa umemkausha. Aliwakasirikia wenye kampuni waliokuwa na mikono mingi na pesa nyingi na wasiweze kugusa kitu kimoja kidogo. Alimkasirikia Joram na watu wake wanaojua. Kama angeambiwa tangu mwanzo kwamba haiji, angenunua kile kilichokuwapo, kina nafasi tele, na asingewahi kukusanya picha zile mahali pamoja. Hilo lilikuwa kweli tupu, na halikumsaidia kitu, maana aliyebonyeza ndiyo ni yeye.

*

Ikatoka Machi. Joram aliandika ujumbe wa neno moja, imetoka, na Nyaguthii alipousoma akakaa chini kwenye ngazi za bucha. Aprili akaja Tabitha, msichana wa kanisani kwao aliyekuwa akisoma kule Marekani, na akaubeba mzigo. Kisanduku kipya kilifanana na cha zamani kama pacha. Aliyekaa miaka akikingoja angeweza kukidhani ni kilekile, na Nyaguthii alikitazama akaona hata kucheka hawezi.

Walifanya kazi ile na Joram kwa simu, yeye akielekeza na dadake akibonyeza. Waliunganisha hizo mbili kwa waya. Mpya ilifungua kila kitu papo hapo, hata akawa anashtuka. Kisha wakaiamuru ichimbue ya zamani, ikaanza kutoa vipande. Zilitoka nyimbo zilizokatika katikati. Likatoka paji la uso la mzee fulani, na chini yake miraba ya kijivu. Nusu ya bwana harusi. Nyaguthii alivipitisha vipande kimoja kimoja, akiomba kimoyomoyo, hadi akafika kwenye utepe mwembamba uliomfanya asimame. Juu palikuwa na pazia la studio, la maua. Chini ya pazia nywele zilizochanwa kwa nyuma, zimeng'aa kwa mafuta. Kisha kijivu, hadi mwisho.

Joram aliuliza kama amepata. Akamwambia amepata nywele.

Ilikuwa imekuwapo, basi. Ilikuwa imelala pale yote nzima, na zile kamati za mwaka mzima, zile ambazo hakuweza kuzifukuza, ndizo zilizomkalia Adero kuanzia paji la uso kwenda chini. Nyaguthii alilia, akanawa uso kwenye karai, kisha akaifungua ile picha moja iliyobaki kwa jina la mama, kwani sasa hapakuwa na cha kuogopa. Ilikuwa ya Kathini. Kathini aliyekuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe, pale stage ya matatu, mwenye mwanya na shavu nene, ambaye nusu ya Kitengela ilikula kutoka kwa mikono yake mpaka alipougua. Alikuwa anacheka.

Akaazimia kumwambia Wakhungu siku ya Jumatatu. Angemfuata Athi River, mlangoni pa kiwanda, mtoto akiwa shuleni, aongee naye kama watu wazima. Aliipanga hotuba yote. Lakini Tabitha alikuwa ametaja kanisani kwamba alimletea Mama Makena kompyuta, na habari hazina mguu mzito, na Jumamosi mchana Nyaguthii akasikia ngazi. Hatua nzito hazikuwa za polepole siku hiyo.

Wakhungu aliingia akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Shirleen alikuwa na gauni la sikukuu na amesukwa upya. Hakuwa amelala, babake alisema, tangu asikie. Nyaguthii alisimama.

"Baba Shirleen, hebu tuongee kidogo huko nje."

"Tutaongea mama, leo tutaongea mpaka uchoke," alisema Wakhungu akicheka. "Wacha kwanza huyu amwone."

Mtoto alikuwa tayari amepanda kwenye kiti. Kwenye skrini orodha ilikuwa wazi, na Wakhungu aliyekuwa akisoma juu ya kichwa cha mtoto aliliona jina la mkewe, akaliwekea kidole. Ni hii, si ni hii? Nyaguthii alifungua mdomo. Aliitafuta ile hotuba ya Athi River na hakupata hata neno la kwanza. Mkono wake, uliozoea kufanya anachotaka mteja, ndio uliojibu. Kijitabu kikafunguka. Jina la Adero kwa herufi kubwa, tarehe zake, mstari wa zaburi waliouchagua pamoja, na juu ya yote hayo Kathini akicheka.

Nyaguthii alimtazama Wakhungu, akaona furaha ikimtoka usoni, si kwa ghafla, pole pole, jicho likienda kwenye picha na kurudi kwenye jina. Alijua amemtambua. Angekosaje kumtambua, alikula pale stage kila asubuhi akielekea kazini. Kisha Wakhungu akageuka kumtazama yeye. Nyaguthii akatikisa kichwa, kidogo tu. Alingoja apige kelele. Angefurahi kama angepiga kelele.

"Ako na mwanya," alisema Shirleen.

Alikuwa amesogea mpaka pua yake karibu iguse skrini. Alipitisha kidole kwenye meno yake mwenyewe, kisha kwenye skrini, kisha kwenye meno yake tena, taratibu.

"Kama mimi. Baba, ni yeye?"

Wakhungu aliweka mkono juu ya nywele za mtoto zilizosukwa. Alimwuliza Nyaguthii, kwa sauti ileile ya adabu aliyoitumia tangu siku ya kwanza, kama hakuna nyingine. Nyaguthii akasema hakuna. Aliuliza kama hata ikingojwa. Akasema hata ikingojwa.

"Ndiye," Wakhungu alimwambia mtoto. "Ndiye huyo."

Kisha akasema ichapwe. Nyaguthii alimkaribia hadi bega lake, akanong'ona mtoto asisikie.

"Huyo ako na watoto wake hapa hapa. Kijana wake ndiye ananyoa watu pale stage."

"Najua," alisema Wakhungu. "Ananinyoanga mimi. Chapa, mama."

Nyaguthii akabonyeza. Kisanduku cha zamani kingezungusha kigurudumu chake, kikazungusha, na katika kuzunguka huko pengine angepata ujasiri wa kuinua mkono na kusema hapana, huyu si mamako, mamako ni huyu hapa, nywele hizi na pazia hili, basi, ni mimi nilimpoteza. Kipya hakikumpa muda huo. Karatasi ilitoka mara moja, nzito, rangi zote mahali pake, safi kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

Shirleen aliipokea kwa mikono miwili akasema asante, kama alivyofundishwa. Babake alivaa kofia, akamshika bega, wakatoka bila kuaga. Nyaguthii alibaki amesimama kando ya meza akisikiliza hatua zao zikishuka, na walipofika chini akamsikia mtoto akimwita mwenye bucha, kwa sauti kubwa ya furaha, aje amwone mama yake.